Sefu msiyoijua na ufunguo wake: jinsi ya kupata blanki iliyo sahihi

Swali linatoka kwa mhazini wa chama kimoja cha akiba na mikopo mtaani Kariobangi, Nairobi. Anaandika hivi: “Chama chetu kilinunua sefu kuukuu mnadani. Jina lake limefunikwa na rangi, na ilikuja na ufunguo mmoja tu, mrefu, wenye meno upande mmoja, uliolika sana na ulioanza kupata ufa karibu na kishikio. Nimeupeleka kwa mafundi wawili mjini. Nakala ya fundi wa kwanza haikuingia kabisa kwenye tundu. Nakala ya wa pili iliingia, ikazunguka kidogo, ikakwama, na baada ya hapo hata ufunguo wenyewe ulikataa kufungua mpaka nilipouzungusha kinyume kwanza. Niombe blanki ya aina gani, na nitajuaje kuwa ndiyo yenyewe?”

Bi. Mhazini, kabla ya kuzungumzia blanki, yaani ufunguo ambao bado haujakatwa meno, naomba jambo moja lifanyike leo: msiufunge tena mlango wa sefu hiyo kwa ufunguo wenye ufa. Fedha na vitabu vya hesabu vipelekwe benki au mahali pengine salama, mlango uachwe wazi, na ufunguo ukae mikononi mwako. Ufunguo wa sefu huvunjika wakati unapobeba mzigo, yaani unapozungushwa dhidi ya springi za kitasa na uzito wa komeo, na kipande kikibaki ndani huku mlango umefungwa, kazi ambayo kwa sasa ni ya tupa na kipimo itageuka kuwa kazi ya kutoboa chuma. Zaidi ya hayo, sefu nyingi zina komeo la ziada ambalo huchomoka lenyewe pindi kitasa kinapogongwa au kutobolewa vibaya, na likishachomoka hata fundi hodari atawatoza muda mwingi na fedha nyingi.

Sasa nirudi kwenye ile nakala ya pili, kwa sababu kukwama kwake kumetupa habari yenye faida kuliko unavyodhani. Sefu za ufunguo, hasa za zamani, kwa kawaida hutumia kitasa cha leva. Ndani yake kuna leva, yaani bapa kadhaa nyembamba za chuma au shaba zilizopangwa moja juu ya nyingine, kila moja ikisukumwa chini na springi yake, na kila jino la ufunguo huinua bapa moja. Kila bapa ina mwanya, na komeo lina kijiti ambacho lazima kipite katika mianya yote kwa pamoja. Leva ikiinuliwa pungufu, kijiti hugota. Ikiinuliwa kupita kiasi, kijiti hugota vilevile. Mwaka 1818 Mwingereza Jeremiah Chubb alisajili kitasa cha leva chenye nyongeza ya werevu: leva ikiinuliwa kupita kiasi na ufunguo usio wake, hunaswa hapo juu na kitasa chote hugoma, hivyo mwenye mali hujua kwamba kuna mtu aliyejaribu kukifungua. Mwanzoni kulihitajika ufunguo maalumu wa kukirejesha katika hali yake, lakini kuanzia mwaka 1824 kiliboreshwa, ikawa ufunguo halali ukizungushwa kuelekea upande wa kufunga huiachilia leva iliyonaswa. Hayo ndiyo hasa uliyoyaona. Sisemi kwamba sefu yenu ni Chubb, kwa kuwa wazo hilo halikubaki kwa mwenyewe peke yake. Nasema kuna dalili nzuri kwamba kitasa ni cha leva chenye mtego wa namna hiyo, na kwamba blanki ya fundi wa pili ilikuwa karibu sana na ile inayotakiwa. Iliingia, ikakaa mahali pake au karibu napo, ikaanza kuinua leva. Kosa lake huenda likawa la meno, wala si la blanki.

Tofauti hiyo ni muhimu, na mafundi wenyewe huichanganya. Blanki ni ufunguo ambao haujakatwa meno: kishikio, shina, na lile bapa la mwisho ambalo nitaliita bawa. Blanki isiyo sahihi hata ikikatwa kwa ustadi wa namna gani haitafungua, na blanki sahihi iliyokatwa vibaya haitafungua pia, lakini tiba za makosa hayo mawili hazifanani hata kidogo. Kwa hiyo usiitupe nakala yoyote kati ya hizo mbili. Zitakutumikia kama vipimo.

Jina la sefu nalo lisikusumbue sana. Sefu kuukuu za Nairobi zilifika kwa njia nyingi: nyingine kwenye ofisi za serikali ya kikoloni, nyingine kwenye mashamba ya walowezi, nyingine katika maduka ya Wahindi wa mtaa ambao sasa ni Biashara Street. Kwenye milango yake utasoma Chubb, utasoma Milner wa Liverpool, Chatwood wa Bolton, au Godrej wa India ambaye alianza na vitasa mwaka 1897 kabla ya kuingia katika sefu. Majina hayo yana faida, ila faida yake ina mpaka. Mtengenezaji mmoja alitumia vitasa vya aina nyingi katika miaka tofauti. Watengenezaji wengine walinunua vitasa kwa wenzao. Vibao vingine mlangoni ni vya muuzaji tu. Na sefu iliyopita mikononi mwa watu wengi huenda ilikwisha kubadilishwa kitasa zamani. Jina linakuonyesha rafu ya kuanzia kutafuta. Linaloamua blanki ni kitasa chenyewe, kwa hiyo rangi hiyo iondoeni kwa dawa ya kuondolea rangi na kitambaa, si kwa patasi, lakini msisubiri jina ndipo muanze kupima.

Mahali pa kusoma kilicho cha kweli ni upande wa ndani wa mlango. Kwa kuwa sefu yenu inafunguka, mwambie fundi afungue skrubu za bamba la ndani ili kitasa kionekane. Mara nyingi kifuniko cha kitasa huwa na jina la aliyekitengeneza, wakati mwingine na namba ya aina, na hapo ndipo utakapojua kama mlango na kitasa ni wa ukoo mmoja. Kuna tahadhari moja: katika sefu nyingine lile komeo la ziada nililolitaja hushikiliwa na kifuniko hichohicho cha kitasa. Fundi akiona waya, springi au kijiti kilichoegemezwa juu ya kifuniko, asikiondoe mpaka afahamu kinazuia nini, na kazi yote hiyo ifanywe mlango ukiwa wazi.

Kuutoa ufunguo ili upimwe kuna utaratibu wake, maana vitasa vingi vya sefu havikuachii ufunguo mpaka viwe vimefunga. Mlango ukiwa wazi kabisa, zungusha mpini mkubwa mpaka makomeo ya mlango yachomoke pembeni, kisha zungusha ufunguo kufunga, halafu uutoe. Makomeo yatabaki nje hewani. Weka kiti au tofali kwenye kizingiti cha sefu ili mtu asije akausukuma mlango kwa mazoea. Makomeo yaliyochomoka yakigonga fremu yanaweza kupinda, na hapo mtakuwa na tatizo jingine lisilohusiana na ufunguo.

Chombo cha kupimia ni kalipa ya vernia, hata ile ya bei nafuu inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ufundi, mradi isome sehemu ya kumi ya milimita. Rula ya shule haitoshi. Lakini kabla ya namba yoyote, tazama umbo. Ncha ya ufunguo ni chuma kitupu, au ina tundu kama bomba? Ufunguo wenye tundu huvaa kijiti kilichosimama ndani ya kitasa, na usio na tundu huingiza ncha yake katika kishimo kilicho nyuma ya kitasa. Aina hizi mbili hazibadilishani kamwe, na ukimulika tochi ndani ya tundu la mlango utakiona kijiti kama kipo. Kisha tazama bawa: lako liko upande mmoja, kama ilivyo katika sefu nyingi kuukuu za Uingereza, ilhali sefu za Ujerumani na nyingi za Ulaya bara hupenda mabawa mawili, moja kila upande wa shina. Mwisho tazama bega, yaani pete ndogo au unene unaoonekana kwenye shina kabla ya bawa, ambao huuzuia ufunguo usizame kupita kiasi. Funguo nyingine hazina bega, husimama pale ncha inapogota mwisho wa kitasa. Hili la bega wengi hulipita, na ndilo linaloharibu nakala nyingi.

Katika vipimo vyenyewe mimi hufuata kanuni moja: chuma kinachozidi kitapunguzwa, kinachopungua hakitaongezwa. Blanki hutengenezwa makusudi ikiwa na ziada, hasa kwenye bawa, ili mkataji apunguze. Ndiyo maana mtu anayetafuta blanki inayofanana kabisa na ufunguo wake uliolika hukosa, au mbaya zaidi hupata iliyo ndogo na kufurahi kwa kuwa imeingia. Kila kipimo kiulizwe: kikizidi, kinaweza kupunguzwa bila kuuharibu ufunguo? Kikipungua, kuna tiba? Kwa maswali hayo mawili utaikataa blanki mbaya dukani kabla hujalipa.

Anza na kipenyo cha shina. Shina lililolika hudanganya, kwa hiyo lipime sehemu kadhaa na uchukue namba kubwa kuliko zote. Kwa kawaida utaipata karibu na kishikio, mahali ambapo shina halisuguani na tundu. Shina la blanki likiwa nene kwa sehemu ndogo ya milimita, mkereza vyuma anaweza kulipunguza kwenye mashine yake. Likiwa jembamba, litayumba ndani ya kitasa, bawa litaelea, na meno yaliyokatwa kwa usahihi yatainua leva kwa kimo tofauti kila mara. Ufunguo wa namna hiyo hufungua leo na kesho ukakataa, nao husumbua watu kuliko ule usiofungua kabisa. Kama ufunguo ni wa bomba, kipenyo cha tundu lake ndicho kigumu kuliko vyote: tundu jembamba laweza kupanuliwa kidogo kwa biti, lakini tundu pana halina dawa.

Bawa hupimwa mara tatu. Kimo chake, kuanzia upande wa pili wa shina mpaka ukingo wa bawa. Upana wake, kufuata urefu wa shina. Na unene wake. Kimo na upana vya blanki vilingane na vya ufunguo wako au vizidi, kamwe visipungue, kwa sababu katika upana huo ndimo hukaa meno yote ya leva pamoja na lile moja linalosukuma komeo. Unene ukizidi, tupa itaupunguza. Naamini nakala ya fundi wa kwanza ilikwama hapa au kwenye shina, na yafaa umrudie umwombe apime: huenda blanki yake ilikuwa njema, ikahitaji tu kupunguzwa unene kabla ya kuingizwa.

Lakini ufunguo wako umelika, na kwa hiyo usiuamini peke yake. Tundu la mlango ni shahidi mwingine, nalo halijalika kama ufunguo. Chukua biti za drili zilizopangwa kwa nusu milimita na uingize upande wake wa nyuma, ule laini usio na makali, katika sehemu ya duara ya tundu. Biti ya milimita 7 ikiingia bila kulazimishwa na ya 7.5 ikikataa, kipenyo cha tundu kiko kati ya hizo mbili, na shina la blanki lazima liwe chini kidogo ya hapo. Kwa ule mwanya ambamo bawa hupita, tumia midomo ya ndani ya kalipa, ile midogo ya juu, upime kutoka ukingo wa mbali wa duara mpaka mwisho wa mwanya, halafu upime upana wa mwanya. Ukiwa na namba za ufunguo upande mmoja na namba za tundu upande mwingine, utakuwa na mipaka miwili: blanki isiwe chini ya ya kwanza, isizidi ya pili. Tofauti kubwa kati ya namba hizo nayo inakuambia kitu. Ufunguo ukiwa mwembamba mno kuliko tundu lake, yamkini wenyewe ni nakala ya nakala, na aliyeutengeneza alikosa blanki sahihi kama mlivyoikosa nyinyi.

Kipimo kilichobaki ni kile cha bega. Kama ufunguo una bega, pima kutoka kwenye uso wa bega mpaka ukingo wa mwisho wa bawa. Kama hauna, pima kutoka kwenye ncha kurudi nyuma mpaka mwanzo wa bawa. Urefu wote wa ufunguo, ambao watu huupima kwanza, una kazi ndogo kuliko huu. Kinachohitajika tu ni kwamba shina lipite unene wa mlango na kishikio kibaki nje mahali mkono unapoweza kukishika. Lakini umbali wa bega ukikosewa kwa milimita moja, bawa zima husogea, na jino lililokusudiwa leva ya tatu linaanza kuigusa ya nne. Jino fupi likiingia chini ya leva inayotaka kuinuliwa kidogo halina madhara makubwa, lakini jino refu likiingia chini ya leva hiyohiyo huinyanyua mpaka kwenye mtego. Kwa hiyo nakala yako ya pili ilaze sambamba na ufunguo wa asili juu ya meza, mabega yakiwa yamegusana na ukingo mmoja ulionyooka, na utazame kama meno yanaelekeana. Yakielekeana, tatizo ni kina cha meno. Yakipishana yote kwa kiasi kilekile, tatizo ni bega, na pengine nakala hiyo bado inaweza kuokolewa kwa kusagwa bega kidogo.

Ukiwa na vipimo hivi nenda dukani bila kutaja jina lolote. Wauzaji wakubwa wa blanki duniani, kama Silca wa Vittorio Veneto nchini Italia, JMA wa Mondragón nchini Hispania, na Davenport Burgess wa Willenhall, ule mji wa Uingereza unaojulikana kwa vitasa, huwa na katalogi zenye michoro na vipimo, na kila mmoja ana namba zake za blanki ambazo hazifanani na za mwenzake. Zipo orodha za kulinganisha namba hizo, lakini orodha inalinganisha kwa jumla tu. Kalipa ndiyo inayoamua. Ukichapisha ukurasa wa katalogi kutoka kwenye simu au kompyuta ili ulinganishe ufunguo juu ya mchoro, hakikisha kwanza kwa rula kwamba printa haikuupunguza mchoro ili ukurasa utoshee. Ile namba iliyogongwa kwenye kishikio, kama ipo, haielekei kuwa namba ya blanki; kwa kawaida ni namba ya kitasa au ya ufunguo huo mahususi, na kwa baadhi ya watengenezaji inatosha kumwezesha mtu kukata ufunguo mpya bila kuuona wa zamani. Isitajwe ovyo.

Kuhusu nani aifanye kazi, nitasema waziwazi. Mafundi wenye mashine ndogo vibarazani mwa Tom Mboya Street na River Road ni hodari wa funguo za nyumba na za makufuli, lakini mashine nyingi za namna hiyo zimetengenezwa kwa funguo bapa, na taya zake haziushiki vizuri ufunguo wa shina mviringo. Ufunguo ukijizungusha kidogo tu ndani ya taya, meno yote yanakatwa kwa kina kisicho chake. Muulize fundi kama ana mashine ya funguo za leva, na umwombe akuonyeshe jinsi inavyoshika shina. Akikuambia “hii pia itafanya”, mshukuru uende kwa mwingine. Blanki yenyewe iwe ya chuma au ya aloi ngumu ya nikeli. Zile nyeupe nyepesi za zinki, hata zikiwa na umbo linalotakiwa, hazifai kwa shina refu linalobeba springi za leva kadhaa na komeo zito, na ufunguo wenu tayari umekuonyesha ufa huanzia wapi. Na ikiwa hakuna blanki yoyote mjini inayoingia kati ya mipaka yenu miwili, bado haijaharibika kitu: mkereza mzuri wa Industrial Area ataichonga kutoka kwenye nondo ya chuma, shina na bawa vikiwa kipande kimoja, kwa vipimo vilevile mlivyoandika. Nondo hiyo iwe na unene wa kutosha bawa zima, ili pasiwe na haja ya kuunga kitu kwa kuchomelea.

Meno yasinakiliwe kutoka kwenye ufunguo uliolika. Mashine haijui kulika ni nini. Itakata ulikaji huo kama ulivyo na kuongeza kosa lake dogo juu yake, na nakala itazaliwa ikiwa kuukuu. Kwa kuwa kitasa chenu kinaweza kutolewa mlangoni, njia iliyo bora ni kukifunga kwenye jiliwa mezani, kifuniko kikiwa wazi, na kukata meno kwa kutazama leva zenyewe. Fundi akizungusha ufunguo wa zamani polepole ataona ni leva zipi mianya yake inabaki chini kidogo ya kijiti cha komeo: hapo ndipo ufunguo umelika. Katika ufunguo mpya meno hayo yataachwa marefu kiasi hicho, kisha yatashushwa kwa tupa nyembamba kidogokidogo, kujaribu na kusugua, mpaka mianya yote ikae mstari mmoja. Mtego nao utaonekana ukifanya kazi, na fundi atajua ni leva gani iliyonaswa na ile nakala ya pili. Kazi hii haifanyiki kwa haraka, na fundi anayeahidi kuimaliza ukiwa umesimama mlangoni pake sidhani kama ameielewa.

Kitasa kikirudishwa, jaribio lifanywe mlango ukiwa wazi na makomeo yakiwa nje, kama nilivyoeleza, kufunga na kufungua angalau mara ishirini kwa kila ufunguo mpya, pasipo kulazimisha na pasipo mafuta mazito. Grisi hukusanya vumbi na kuzifanya leva zizame kwa uvivu. Unga mkavu wa grafaiti, kidogo sana, unatosha. Ufunguo unaohitaji kutikiswa ndipo uzunguke haujakamilika, hata kama umefungua mara zote ishirini. Baada ya hapo tu ndipo mlango ufungwe, ufunguo wa pili ukiwa nje mkononi mwa mtu.

Kwa wasomaji wengine ambao sefu zao ni mpya na ndogo, zile za vitufe vya namba, mambo ni mepesi zaidi. Ufunguo wa dharura huwa wa bomba la duara, wa msalaba wenye mabawa manne, au bapa lenye vishimo. Kwa wa bomba pima kipenyo cha nje na cha ndani na utazame kile kijino cha pembeni kiko wapi, kwa wa msalaba pima kipenyo cha mabawa na unene wa shina. Na kabla ya hayo yote, badilisha betri.

Nimeacha jambo moja ambalo hukuliuliza, Bi. Mhazini, lakini kama mhazini litakuhusu. Sefu ya mnadani imekuwa na wenye funguo wengine, na hakuna risiti inayoweza kukuhakikishia kwamba funguo zao zilitupwa. Ikiwa kitasa kitakuwa kimeshafunguliwa mezani, fundi anaweza kubadilisha mpangilio wa leva na kukata funguo mbili mpya kwa mpangilio huo, na funguo zote za zamani, ukiwemo ule wenye ufa, zitakoma kufungua. Kwa blanki ileile mliyokwisha kuipata, gharama inayoongezeka ni ya kazi tu. Njia nyingine ni kuweka kitasa kipya kabisa. Pima umbali kati ya matundu ya skrubu nne zinazoshikilia kitasa: ukiwa takriban milimita 41 kwa 67, hicho ndicho kipimo kinachotumiwa na vitasa vingi vya sefu vya kisasa, vya ufunguo na vya namba, na mtapata kipya chenye funguo zake mbili bila kutafuta blanki yoyote. Sefu kuukuu za Uingereza mara nyingi hazina kipimo hicho, na kutoboa matundu mapya kwenye mlango wake ni jambo ambalo singelishauri.

Ukienda kwa fundi yeyote, beba risiti ya mnada na barua ya chama yenye mhuri. Fundi wa sefu aliye mwaminifu atakuuliza sefu ni ya nani kabla hajagusa ufunguo, na asiyeuliza ni bora umwache. Picha ya ufunguo usiitume kwenye kundi la WhatsApp la wanachama, wala kwangu. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walionyesha kwamba programu ya kompyuta inaweza kusoma kina cha meno ya ufunguo kutoka kwenye picha, hata iliyopigwa kutoka mbali. Kama vipimo vitakukanganya, niandikie namba hizi tu: kipenyo cha shina, kimo, upana na unene wa bawa, umbali kutoka kwenye bega, na vipimo vya tundu; meno na namba iliyo kwenye kishikio sivihitaji ili kukuambia kama blanki uliyoonyeshwa dukani inafaa.